Skonzi za kitunguu saumu kwa donge la dukani: kwa nini zako zilitoka mawe

Swali limetoka kwa kijana anayekaa Roysambu:

"Mwalimu, habari za jioni. Nilinunua donge la pizza lililogandishwa, nusu kilo, nikitaka kutengeneza skonzi za kitunguu saumu za kula na supu ya kuku. Pakiti ilisema nilitoe kwenye friza liyeyuke, kisha nioke kwa digrii 200 dakika 20. Nilikuwa na haraka kidogo, nikaliweka kwenye baraza lipigwe na jua. Nikakata vipande vinane, nikapaka siagi na kitunguu saumu kilichopondwa, nikaingiza kwenye oveni yangu, ile ndogo ya mezani ya umeme. Zilitoka ngumu chini kama mawe, katikati mbichi, na kitunguu saumu kimekuwa cheusi na kichungu. Mchumba wangu alikula moja kwa heshima, ya pili akaifunga kwenye tishu eti ataimalizia kwenye matatu. Nilikosea wapi? Na stima zikipotea, kama ilivyo kawaida huku kwetu, naweza kuzipika kwa meko?"

Mwanangu, hiyo ya tishu imenichekesha, lakini barua yako nimeisoma mara mbili na sioni kosa la mtu asiyejua jikoni. Ulifuata pakiti. Shida ni kwamba pakiti iliruka neno moja, na neno hilo ndilo mkate wenyewe: kuumuka. Ilikwambia liyeyuke, haikukwambia lisubiriwe liumuke. Kuyeyuka ni barafu kutoka. Kuumuka ni hamira kuamka na kuanza kazi. Kati ya hayo mawili kuna saa nzima, wakati mwingine zaidi, na wewe ulioka katikati ya saa hiyo.

Donge la dukani limekupunguzia kupima, kukanda na kufagia unga sakafuni. Kusubiri halijakupunguzia. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali yako yamejibika, kwa sababu ugumu wa chini na ubichi wa katikati ni ugonjwa mmoja. Skonzi ambayo haijaumuka ni kitonge kizito kisicho na hewa. Moto unaingia polepole, nje panakauka na kuwa ganda wakati ndani bado unga mbichi. Ukiiacha mpaka ndani paive, chini pameshakuwa kigae.

Halafu hilo jua la barazani. Nakuelewa, sote tumefanya. Lakini donge la nusu kilo lililoganda ni kama jiwe la barafu lililovalia sweta: nje linapata joto na kuanza kuumuka, ndani bado ni barafu. Unapolikata unaona limelegea, vidole vinaingia vizuri, unadhani liko tayari. Kumbe kiini chake bado kiko karibu na sufuri. Vipande vilivyotoka katikati ya donge ndivyo hasa vilivyokutia aibu. Nina hakika ukikumbuka vizuri, mbili tatu hazikuwa mbaya sana. Hizo zilitoka pembeni.

Hamira ni kiumbe hai. Kwenye friza, digrii 18 chini ya sufuri, haifi yote. Inalala, na kila wiki inayopita kuna sehemu inayokufa, hasa ikipitia kuyeyuka na kuganda tena. Ile iliyokufa inavujisha vitu vinavyolegeza gluteni, yaani ule utando unaonyumbuka na kushika hewa. Ndiyo maana donge lililokaa sana kwenye friza linatanuka kando kama maandazi yaliyotiwa maji mengi, badala ya kupanda juu. Kwa hiyo kabla hujalipa, lipapase pakiti. Ukisikia vipande vya barafu vikichakacha ndani, au ukiona theluji imejaa kwenye mikunjo ya plastiki, lirudishe. Huenda liliyeyuka mahali fulani njiani, au dukani stima zilipopotea, likagandishwa upya. Chukua la chini ya rundo, lililo gumu sawasawa, lenye tarehe ya mbali.

Soma pia ni donge la nini, maana kwenye friza za supamaketi zetu kuna ndugu wengi wanaofanana sura. La pizza na la mkate yana hamira, na yote mawili yanafaa. Usijilaumu kwa kuchagua la pizza. Huko New York, kwenye maduka ya pizza ya Wamarekani wenye asili ya Italia, skonzi hizi hutengenezwa kwa vipande vya donge la pizza vilivyobaki, vikafungwa fundo na kupakwa siagi na kitunguu saumu. Umeingia kwenye mila yake bila kujua. Lile lililokunjwa tabaka nyingi na siagi, la kutengenezea vitafunio vya nyama vinavyomeguka, halina hamira, na hata ulingoje mpaka kesho halitaumuka. Manda za sambusa usiziguse, na chapati zilizogandishwa ni chapati.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa Nairobi wanaisahau. Karibu na kila mtaa kuna mwokaji mdogo anayetengeneza mikate na skonzi za kuuza vibandani. Nenda alfajiri, mwombe akupimie nusu kilo ya donge. Wengi hawakatai, ingawa watakuangalia kidogo. Mimi ndilo ninalolipenda kuliko la friza, kwa sababu hamira yake iko macho. Ila nalo lina masharti: linafanya kazi kuanzia dakika unayokabidhiwa. Ukipanda matatu nalo kwenye mfuko uliofungwa, mvua inanyesha na Thika Road imesimama, utafika nyumbani mfuko umevimba kama mpira. Lifinye litoe hewa, liingize kwenye friji mara moja, na ulitumie siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye lako la friza. Njia bora ndiyo ya kivivu kuliko zote. Usiku kabla ya kulala, livue plastiki, lipake mafuta kidogo, liweke kwenye bakuli kubwa mara mbili yake, funika kwa mfuko safi, ingiza kwenye friji. Si friza, friji. Baada ya muda wa saa 10 hadi 12 litakuwa laini kote, nje na ndani, na litakuwa limeumuka kidogo taratibu. Kuumuka huko kwa polepole kunalipa hata ladha. Kama huna friji au umekumbuka asubuhi, liache ndani ya mfuko usiopitisha maji, lifunge vizuri, lizamishe kwenye beseni la maji ya bomba ya kawaida kwa saa moja na nusu hivi, ukibadilisha maji yakipoa sana. Maji yasiwe ya moto. Hamira huanza kufa joto likikaribia digrii 55, na ngozi ya donge itapikika kabla kiini hakijajua kumekucha.

Jaribu kulibonyeza katikati kwa kidole mpaka karibu na chini. Ukikutana na kitu kigumu au baridi kali, bado.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu Nairobi yenyewe, kwa sababu maelezo mengi ya pakiti, hasa za kutoka nje, hayakuandikwa kwa ajili yetu. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, inalisukuma donge chini kwa nguvu kidogo kuliko Mombasa, kwa hiyo gesi ya hamira inatanuka kirahisi na donge linapanda haraka. Linaweza pia kupita kiasi na kuanguka. Kwa upande mwingine, mwezi wa Julai jikoni kwako Roysambu huenda pasizidi digrii 17, na hamira inapenda 25 hadi 30. Basi Februari utashangaa skonzi zimekuwa tayari dakika 40, na Julai utangoja saa moja na nusu. Ndiyo maana siwezi kukupa dakika kamili, na anayekupa kamili hajui jikoni kwako. Donge ndilo lenye kujua.

Hewa yetu pia ni kavu. Donge lisilofunikwa linafanya ngozi ngumu juu kwa dakika kumi tu, na ngozi hiyo hairuhusu skonzi kupanda. Litafunikwa wakati wote, kwa plastiki iliyopakwa mafuta au kitambaa chenye unyevu, kuanzia linapotoka friji mpaka linapoingia motoni.

Kwenye kukata nitakwenda haraka, kwa kuwa kama umewahi kutengeneza chapati mikono yako inajua. Toa donge kwenye friji, liache mezani nusu saa hadi dakika 45 lipoteze ubaridi. Nusu kilo gawa vipande 12, sio vinane. Kila kimoja kidogo zaidi ya gramu 40, saizi ya yai. Vikubwa vyako navyo vilichangia ubichi. Viringisha kila kimoja kama donge la chapati, ukivuta ngozi yake kwenda chini na kubana hapo chini, juu pabaki pamekaza na laini. Ukitaka fundo, kisokote kama kamba ya urefu wa shubiri moja, funga mara moja, ficha ncha chini. Likivutika na kurudi kama mpira, usipigane nalo. Funika, nenda ukakate vitunguu vya supu, rudi baada ya dakika kumi. Litakuwa limekubali.

Panga kwenye chombo kilichopakwa mafuta, zikiachana upana wa kidole. Zitakapoumuka zitagusana, na hapo zinapogusana panabaki laini, kama zile skonzi za kiosk zinazouzwa zimeshikana sita sita. Ukizitenga mbalimbali kila moja itapata ganda pande zote. Wengine wanalipenda hilo. Kwa oveni ndogo kama yako, zikumbatiane.

Ziache ziumuke tena, mara hii mpaka zikaribie kuwa mara mbili ya zilivyokuwa. Julai weka chombo ndani ya oveni iliyozimwa, pamoja na kikombe cha maji moto, ufunge mlango. Kisha paka kidole unga, bonyeza moja pembeni taratibu. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama ndogo, washa oveni sasa hivi. Lisiporudi kabisa umechelewa; oka tu, zitakuwa bapa kidogo lakini zitalika.

Tufike kwenye kitunguu saumu, ambako wewe uliumia na ambako mimi pia niliumia kabla yako. Miaka ile naanza kuoka kwa oda, nilitaka skonzi zenye harufu mpaka mtaa wa pili. Nikatia vichwa vitatu vya kitunguu saumu kibichi kilichopondwa kwenye donge la kilo mbili. Donge halikupanda. Likalegea, likatandaa kwenye trei kama uji, na nikampelekea mteja mikate ya kununua huku nimeinamisha uso. Sababu nilikuja kuijua baadaye. Kitunguu saumu kizima hakina ukali. Ukikiponda, kimeng'enya kilichokuwa chumba kimoja kinakutana na kitu kilichokuwa chumba kingine, na hapo ndipo inazaliwa alisini, ile harufu kali inayokaa vidoleni. Alisini haipendani na vijidudu, na hamira ni kijidudu. Pamoja na hayo, kitunguu saumu kingi kinalegeza gluteni. Kwa hiyo ndani ya donge usitie. Kazi yake iko juu, na iko mwishoni.

Kosa lako lilikuwa la aina nyingine. Ulipaka vipande vibichi juu ya skonzi kisha ukavifungia na moto wa digrii 200 kwa dakika 20, tena kwenye oveni ambayo waya wake wa juu uko karibu na chakula kama paa la matatu lilivyo karibu na kichwa cha mtu mrefu. Kitunguu saumu kina sukari yake na hakina maji mengi. Vipande vidogo vinakauka upesi, vinageuka kahawia, na baada ya hapo ni vyeusi na vichungu. Mkate unahitaji dakika 15 au zaidi, kitunguu saumu hakivumilii hata nusu yake. Huwezi kuvioka pamoja na kuviridhisha vyote viwili.

Ninachofanya ni kutenganisha harufu na vipande. Chukua gramu 60 hivi za siagi, yaani vijiko vinne vikubwa vilivyojaa. Punje tano nene za kitunguu saumu, au nane kama ni zile ndogo. Soko letu lina aina mbili kubwa: zile nyeupe nene kutoka China, rahisi kumenya na pole ulimini, na zile ndogo za huku kwetu na za Tanzania, zenye wekundu wa zambarau, zinazokera kumenya lakini zikipondwa jikoni panajulikana. Mama mboga wako akiwa na hizo ndogo, zichukue. Zikishachipua, toa kile kichipukizi cha kijani katikati, kina uchungu.

Ponda kwenye kinu pamoja na robo kijiko cha chai cha chumvi mpaka ziwe uji. Chumvi inasaidia kusaga na inasambaza ladha. Yeyusha siagi kwa moto mdogo kabisa, tia kitunguu saumu, koroga dakika mbili. Unatafuta mapovu madogo madogo na harufu tamu, hutafuti rangi. Kikianza tu kuwa cha dhahabu, epua. Subiri vipande vizame chini ya sufuria. Ile siagi safi ya juu, yenye harufu lakini isiyo na vipande, ndiyo utakayopaka skonzi kabla ya kuoka. Vile vipande pamoja na siagi iliyobaki changanya na dania iliyokatwakatwa, weka kando. Vitapakwa skonzi zikitoka motoni, zikiwa bado zinapumua mvuke. Moto ule wa mkate unatosha kukimalizia kitunguu saumu bila kukiunguza.

Siagi yenyewe iwe siagi. Blue Band itafanya kazi na sitakufukuza, nami nimelelewa nayo, lakini hapa mafuta ndiyo mchuzi wote, na tofauti utaionja. Usichukue zile za kupaka zilizopunguzwa mafuta, kwa sababu kilichowekwa badala ya mafuta ni maji, na maji yatalowesha ganda. Kama siagi yako ina chumvi tayari, acha ile ya kwenye kinu, pondea na unga kidogo au sukari chembe. Na ule mchanganyiko wa chupa wa tangawizi na kitunguu saumu uache kwenye pilau unakostahili.

Jambo moja la hatari, kisha tuendelee. Watu wanapenda kuponda kitunguu saumu kingi, kukizamisha kwenye mafuta na kukiacha kabatini wiki nzima ili kila siku wachote. Usifanye. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayetoka udongoni na kuja na kitunguu, anapenda mahali pasipo na hewa na pasipo na baridi. Sumu yake haina harufu wala ladha, na inaua. Ikibaki siagi ya kitunguu saumu, iweke kwenye friji na uimalize siku mbili tatu, au igandishe.

Oveni yako. Zile ndogo za mezani zina tabia ya kudanganya: unaweka 200, ndani inaruka mpaka 230 halafu inashuka mpaka 180, na chini kwenye waya ni moto kuliko unavyodhani. Iwashe dakika 15 kabla, hata kama taa yake imezima mapema. Weka kitufe chake cha joto kwenye 190. Trei iwe katikati, na kwa kuwa chini kunakuunguzia, tumia trei mbili zilizopachikana, moja juu ya nyingine. Hewa iliyo kati yao ndiyo ngao. Ukiwa na karatasi ya kuokea, tandika. Paka zile skonzi siagi safi, ingiza. Kuanzia dakika ya nane angalia juu. Rangi ikija mapema, laza foili juu yake bila kuibana. Kwa saizi ya yai, dakika 15 mpaka 18 zinatosha.

Utajuaje zimeiva? Rangi ya juu peke yake si shahidi wa kuaminika, wewe umeshaona. Inua ile ya katikati kabisa, angalia chini yake iwe kahawia nyepesi, na ubonyeze pale inapogusana na jirani yake. Ikirudi, imeiva, ikibaki na shimo la kidole, rudisha dakika tatu. Ukiwa na kipimajoto cha kuchoma, ndani pakifika digrii 88 au 90 toa. Vitabu vingi vitakwambia ungoje 93 hadi 96. Hapa kwetu maji yanachemka karibu na digrii 94, na ndani ya mkate wenye unyevu hapawezi kupita hapo. Ukingoja 96 utangoja mpaka zikauke.

Sasa hilo la stima. Ndiyo, meko inatosha, na mikate ilikuwa ikiokwa bila oveni kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Tafuta sufuria kuukuu, nzito, yenye mfuniko unaokaa vizuri. Sufuria mpya nyembamba utaiharibu. Tandaza ndani yake, chini kabisa, mawe madogo safi au mchanga mkavu unene wa kidole, au weka tu kigae cha kusimamishia chombo. Washa moto wa wastani, funika, subiri dakika kumi ndani pawe tanuri. Skonzi zako zikiwa zimeumuka kwenye sufuria ndogo au bati la keki, zishushe humo, zisiguse kuta. Punguza moto uwe mdogo, funika, uzito juu ya mfuniko. Dakika 25 hivi. Zitaiva vizuri na zitakuwa laini ajabu, ila juu zitabaki nyeupe, kwa sababu moto wote unatoka chini. Zigeuze dakika tano za mwisho kwenye kikaangio chenye siagi, zipate rangi.

Ukiwa na jiko la makaa hata hiyo nyeupe haipo. Fanya kama wanavyofanya watu wa Pwani kwa mkate wa sinia: makaa machache chini, mengi upalie juu ya mfuniko wa bati. Moto wa juu ndio unaozipa sura. Lakini jiko hilo likae nje, kwenye baraza lililo wazi, lisiingie chumbani hata kidogo, hata kama ni Julai na unatamani joto. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia za watu waliolala na jiko ndani wasiamke.

Na kama umechoka na yote hayo, vibonyeze vile vipande 12 viwe bapa unene wa kidole, viache viumuke nusu saa, uvipike kwenye kikaangio kikavu kilichofunikwa, moto mdogo, dakika sita kila upande. Haviwi skonzi, vinakuwa kitu kati ya chapati na mkate. Vipake siagi yako, hakuna atakayelalamika. Siku stima zinapopotea mimi huwa sifikirii mara mbili, navifanya hivyo.

Zilizobaki usiziweke kwenye friji. Mkate unachakaa haraka kwenye friji kuliko mezani. Zile za kesho asubuhi zifunge kwenye kitambaa na mfuko. Za wiki ijayo zigandishe zikishapoa, bila ile dania, kisha zirudishe motoni dakika nane zikiwa zimefunikwa na foili.

Nadhani utataka kurudia Jumamosi, na kwamba yeye atakuwepo. Basi Ijumaa saa nne usiku donge litoke friza liingie friji. Jumamosi saa kumi jioni liweke mezani, supu iwe tayari inachemka pembeni. Saa kumi na dakika arobaini na tano kata na uviringishe, funika. Wakati zinaumuka, ponda kitunguu saumu chako, kwa sababu kikipondwa mapema mno harufu yake inachacha. Saa kumi na moja u nusu anza kubonyeza kwa kidole, na oveni uiwashe hapo. Zikikubali, zipake na kuziingiza. Saa kumi na mbili na kitu zitakuwa mezani. Ile ya katikati ya trei, isiyo na ganda upande wowote, imegee yeye kabla hajaomba.